Hapana ya Tatu

Renae Haugland aliacha kazi mara tatu, kwa kuwa mbili za mwanzo hazikuhesabika.

Ya kwanza ilikuwa kando ya birika la kahawa katika ofisi ya Bima ya Pamoja ya Vikdal. "Nafikiri huenda nikaacha kazi," alimwambia bosi wake, Orville Stordahl. Orville akakitazama kikombe chake, chenye kahawa nyepesi kiasi cha kuonyesha kitako, akasema, "Ah, usijisumbue," kisha akarudi mezani kwake. Ya pili ilikuwa kwenye maegesho, upepo ukiwachapa wote wawili. "Orville, ile habari ya kuacha kazi." "Hapana, hapana," Orville akasema, kwa sauti ileile aliyoitumia kila mtu alipotaka kumwongezea viazi. Ikabidi Renae asubiri kidogo, kwa adabu, ndipo amfuate tena. Mara hii Orville alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Haya," akasema. "Kama ndivyo. Ila kiti chako sikigusi. Na sweta lako liache hapohapo lilipo."

"Siendi likizo, Orville."

"Najua. Liache tu. Mvua ya mawe ikianza, mwezi wa sita, tutaonana."

Vikdal, Minnesota, neno la kwanza la mtu si neno, ni kusafisha koo. Ukikaribishwa chakula unakataa. Ukikaribishwa tena unakataa, ila unaanza kuangalia sahani ziko wapi. Ukikaribishwa mara ya tatu unasema, "Haya, kidogo tu," halafu unajaza. Anayekubali mara ya kwanza ama ana njaa kali ama ametoka Chicago, na wote wawili wanaombewa kanisani. Anayekataa mara ya tatu hajapata kuonekana, kwa hiyo hakuna anayejua anaombewaje.

Kazi aliyoiacha Renae ilikuwa ya kukagua hasara. Mawe ya mvua yakishashuka na kuyafanya mahindi ya mtu yafanane na mswaki wa zamani, Renae alikwenda na kamera, akapiga picha za video za shamba, za paa, za dirisha la zizi, akaandika hasara ni kiasi gani. Aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake na aliifanya vizuri. Tatizo lilianza pale makao makuu yalipoona kwamba picha zake zinazidi kurefuka, na kwamba paa linaonekana kwa muda mfupi tu, kisha anaonekana mwenye paa, amesimama, mikono mfukoni, analitazama. Wakaandika kuuliza shingo ya mkulima inahusiana vipi na madai ya bima. Renae akajaribu kujibu, akashindwa, ndipo akatambua kwamba kinachomvutia siku zote ni shingo.

Alikuwa na miaka arobaini na saba. Alimwambia mumewe, Duane, wakati wa chakula cha jioni.

"Nataka kutengeneza sinema."

Duane, anayefanya kazi kwenye maghala ya nafaka na ambaye hupakua maneno kama yanapimwa kwenye mizani, akatafuna akamaliza.

"Sinema."

"Ndiyo."

"Za kutazamwa."

"Ndiyo, Duane."

"Haya." Akachukua mkate, akaupaka siagi mpaka kwenye pembe zote nne. "Za watu au za wanyama?"

"Za watu."

"Haya," akasema tena, safari hii kwa masikitiko kidogo.

Mama yake Renae, Bi Ardis, alipokea habari hizo akiwa anapiga pasi. Hakupinga. Bi Ardis hajapata kumpinga mtu yeyote maishani. Yeye husimulia habari za mtu mwingine.

"Binti wa akina Lindvall naye alikwenda California kufanya mambo ya sinema," alisema.

"Ikawaje, mama?"

"Anauza nyumba."

"Si vibaya hivyo."

"Hapana. Nyumba nzuri tu, nasikia. Za watu wengine." Akageuza kola. "Wengine wakifika umri wako huanza kufuma."

Sasa, jambo lenyewe ni hili. Akiba ya Renae ilitosha kumfikisha mwanzo wa mwezi wa sita, na sweta lake lilikuwa kwenye mgongo wa kiti, mikono yake miwili ikining'inia, linamngoja. Alikuwa na majira ya baridi na ya kuchipua tu ya kujua kama yeye ni mtengenezaji sinema au ni mkaguzi wa hasara aliyeugua kidogo.

Alianza na sinema ya ujambazi. Aliipa jina *Damu Kaunta*. Meneja wa benki alimruhusu kuitumia benki Jumamosi mchana, baada ya kupewa nafasi ya kukataa mara mbili. Jambazi alikuwa Merle Haugland, baba mdogo wake Duane, mfuga ng'ombe wa maziwa, mrefu, mwenye mikono kama makoleo. Mtu ambaye ukimwona gizani ungekimbia, na yeye angekukimbilia kukuuliza kama umeumia. Mkewe, Bernadine, aliigiza mteja.

Merle aliingia benki amevaa soksi ya nailoni ya Bernadine usoni, bunduki mkononi. Alipovuka kizingiti akaivua soksi, akaishika kifuani.

"Merle, usiivue," Renae akasema nyuma ya kamera.

"Nimeshaingia ndani, Renae."

"Jambazi havui."

"Ndani mtu huvua," Merle akasema, akiwatazama wengine wamsaidie. Wakaangalia chini. Walikuwa upande wake.

Wakarudia, soksi ikabaki usoni kwa makubaliano maalumu. Merle akaingia, akasimama mwisho wa foleni. Aliyekuwa nyuma yake akapishwa. Aliyefuata akapishwa pia.

"Merle, wewe ni jambazi. Pita mbele."

"Hawa wana haraka zao."

"Hawa ni waigizaji."

"Yule ni Doris," Merle akasema kutoka ndani ya soksi. "Ana goti linalouma."

Jumamosi nyingine walifanikiwa kumfikisha kaunta. Alitakiwa kusema, "Toa pesa au nakuua." Akasema, "Kama huna shughuli nyingine." Karani, mwalimu wa shule ya Jumapili ambaye alikuwa ameambiwa apige kelele, alimtazama yule mzee aliyetoka nje kwenye baridi, na mafunzo ya ukoo mzima yakamshinda.

"Kahawa?"

"Hapana, asante."

"Kikombe kimoja tu."

"Sitaki kukusumbua."

"Ipo tayari lakini."

"Haya, kidogo tu," jambazi akasema, akailaza bunduki juu ya kaunta apate mkono wa kupokelea.

Renae alirudi nyumbani na kanda hizo akiwa na hisia za mtu aliyekagua shamba akakuta hakuna hata bua lililosimama. Akaketi sebuleni kuzipitia. Mwanzoni mwa mkanda wa mwisho kulikuwa na kitu ambacho hakukumbuka kukipiga.

Jumapili iliyopita Merle na Bernadine walikuja kula nao na kuzungumzia sura ya jambazi. Renae aliiacha kamera kwenye stendi, inatazama sebule na mlango, na hakuizima. Hiyo ilikuwa tabia ya kazini. Mkaguzi wa hasara hazimi kamera mpaka gari litoke kwenye uwanja wa mkulima, kwa kuwa mkulima wa Vikdal atakueleza uongo wake wote kwa adabu ukiwa shambani, na ukweli atausema umeshakaa kwenye gari, injini inanguruma, mkono wake uko juu ya paa lako. Hapo ndipo huambiwa kwamba dirisha hilo, tukisema kweli, lilivunjwa na ndama. Renae alikuwa amesikia mengi kwa kupitia kioo kilichoteremshwa nusu.

Kwa hiyo kwenye mkanda ilikuwamo kwaheri yote ya Merle na Bernadine, tangu mwanzo wake. Merle anajipiga magoti kwa viganja, anasema, "Haya basi." Hakuna anayeinuka. Wanaongea habari za theluji. Merle anajipiga magoti tena, wanainuka. Wanasimama jikoni. Bernadine anapewa mabaki ya bakuli la kuokwa, lile la nyama ya kusaga na supu ya uyoga ya kopo, anakataa, anakataa, anapokea na kushangaa uzito. Wanasimama kwenye kibaraza cha kuvalia viatu, makoti yamefungwa mpaka kidevuni, wanatoka jasho, wanamjadili mchungaji aliyehamishwa. Wanatoka ngazini. Wanafika garini, kamera inawaona kupitia mlango ulioachwa wazi, na sauti inawafuata kwa kinasa sauti kidogo ambacho Merle alijaribishiwa kwa ajili ya sinema, akasahau kukivua kolani. Kioo kinateremshwa. Duane ameinama dirishani.

"Ng'ombe wanaondoka Alhamisi," Merle anasema.

Injini inanguruma.

"Wote?" anauliza Duane.

"Mmoja anabaki."

"Yupi?"

"Yule mkorofi. Hakuna aliyemtaka."

"Haya," anasema Duane, mkono wake juu ya paa la gari.

"Ndiyo," anasema Merle.

Kisha gari linaondoka, na Duane anabaki amesimama uwanjani, anaonekana shingo.

Renae aliutazama mkanda huo mara ya pili amesimama. Duane hakuwa amemwambia habari ya ng'ombe. Alipomuuliza, Duane alisema alidhani amesikia.

Mwezi mzima Renae alifanya kazi ya kukata asichokihitaji, akakuta anahitaji karibu vyote. Alikwenda kwa Merle kumwomba ruhusa ya kuuonyesha mkanda huo kama sinema.

"Hapana, hapana," Merle akasema. "Nani atake kuniona mimi natoka?"

Aliomba tena baada ya kahawa. Merle akakataa, ila akauliza kama ameonekana akiwa amevaa ile suruali yenye kiraka. Mara ya tatu akasema, "Haya. Kama itakusaidia na mambo yako." Bernadine hakuulizwa. Alikuwa anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

Sinema ilionyeshwa Jumapili moja ya mwezi wa tano baada ya ibada, katika ukumbi wa chini ya kanisa la Kilutheri, kwenye shuka jeupe lililobanwa ukutani kwa pini. Watu walikuja wote, maana kutokuja kungeonekana kama maoni. Walikuja na mabakuli ya kuokwa, na jeli ya kijani iliyochanganywa na karoti, na keki za vipande. Orville Stordahl alikuja na tai. Alisimama nyuma ya Renae kwenye foleni ya chakula.

"Sweta lako lipo," alisema.

"Asante, Orville. Lakini hapana."

"Haya," akasema, bila wasiwasi, akajipakulia jeli. Hiyo ilikuwa ya kwanza.

Taa zikazimwa. Kwenye shuka akatokea Merle, mkubwa kama ghala, ameketi sebuleni kwa Renae. Ukumbi ukanyamaza vizuri. Merle akajipiga magoti kwa viganja.

"Haya basi," akasema kutoka ukutani.

Na ukumbi mzima ukainuka.

Si kwa ubaya. Mtu wa Vikdal akisikia viganja juu ya magoti na "haya basi", miguu yake haimsubiri. Amefundishwa tangu mtoto kwamba hapo ndipo wenye nyumba wanapoanza kuchoka. Wakainuka, wakatafuta mikoba, wakafuata makoti yao yaliyotundikwa nyuma. Hata mchungaji mpya, ambaye alitoka mji wa pili tu, alikuwa ameshaingiza mkono mmoja. Renae, karibu na mashine ya kuonyeshea, aliona migongo. Migongo mitupu, ikivaa makoti. Alishika ukingo wa meza.

Lakini kuinuka Vikdal si kuondoka. Walipofika mlangoni wakakuta Merle wa ukutani ndiyo kwanza anazungumzia theluji, na ingekuwa utovu wa adabu kumwacha mtu anazungumza. Wakasimama. Wakasimama pale nyuma wamejifunga makoti mpaka kidevuni, funguo za magari mikononi, kwa saa nzima na ushei, wanawatazama Merle na Bernadine wamesimama wamejifunga makoti mpaka kidevuni. Hakuna aliyerudi kitini na hakuna aliyetoka. Hakuna aliyecheka. Ukumbi ulikuwa na joto na watu walitoka jasho kimya kimya. Gari la ukutani lilipoondoka, na Duane akabaki na shingo yake, mtu mmoja alipenga kamasi, lakini hiyo ingeweza kuwa mafua.

Taa zikawashwa. Watu wakamjia Renae mmoja mmoja.

"Ilikuwa tofauti," alisema Doris mwenye goti.

"Hiyo kweli ni tofauti," alisema meneja wa benki.

"Umefanya kitu tofauti kabisa," alisema mchungaji, akimshika mkono kwa mikono miwili, kama anavyowashika wafiwa.

Vikdal kuna hukumu za aina mbili. Kitu kizuri huambiwa si kibaya. Kitu kingine chote ni tofauti. Jirani aliyepaka nyumba yake rangi ya zambarau aliambiwa ni tofauti, akahama. Renae alishika mikono, akashukuru, na kila "tofauti" aliyoipokea aliisikia ikiingia mahali pale pale, kama jiwe la mvua kwenye paa lililokwisha kutoboka.

Bi Ardis alikuja wa mwisho. "Mapazia yako yameonekana vizuri," alisema. "Ukiyafua yataonekana zaidi."

Orville alimkuta penye makoti. "Juzi kulionekana wingu baya upande wa Dakota," alisema, akitazama kofia yake. "Kiti kiko wazi, Renae."

"Hapana, Orville."

Akajisikia alivyosema. Alikuwa amelisema neno hilo kama anavyosema kila mtu, jepesi, la mdomoni, lenye mlango wazi nyuma yake. Orville naye alilisikia hivyo hivyo, akaitika kwa kichwa, akaenda kutafuta kahawa. Ilikuwa ya pili. Renae alijua ya tatu itakuja kabla hajafika nyumbani, na alijua pia kwamba mdomo wake, tangu utotoni, umefundishwa jibu moja tu la mara ya tatu. Alilijaribu jibu lingine kimyakimya mbele ya kioo kidogo cha ukutani. Halikutoka. Lilitoka "haya, kidogo tu".

Akaenda jikoni kuosha vyombo, ambako wanawake wa Vikdal huenda wakati hawajui pa kwenda. Bernadine alikuwa huko, mikono kwenye povu. Renae akachukua kitambaa, akaanza kukausha. Waliosha sahani nyingi.

"Pale ninapokwenda garini," Bernadine akasema hatimaye, akiiambia sufuria.

"Penye barafu."

"Eeh. Merle anaongea na Duane habari za theluji."

"Ndiyo."

"Lakini haangalii theluji."

Renae alikuwa ameikata sehemu ile mara nyingi na mara zote aliirudisha: Merle anaongea na mtoto wa kaka yake, uso kwa Duane, macho yako kwenye miguu ya mkewe, hatua kwa hatua juu ya barafu, mpaka Bernadine akae na mlango ufungwe, ndipo macho yanarudi kwenye theluji.

"Mimi siku zote natangulia," Bernadine akasema. "Nampa mgongo. Namlaumu kwa kunichelewesha. Sikuwa najua anafanya vile."

"Labda alikuwa anaangalia barafu."

"Labda." Bernadine aliisuuza sufuria, akaisuuza tena. "Siku ile ilikuwa mbaya kwake kuliko kwangu. Lakini ananiangalia miguu." Akafungua bomba, akalifunga. Kisha akasema, bila kugeuka, "Si mbaya, Renae."

Sifa hiyo Vikdal ilipata kupewa paa jipya la kanisa na, kwa mujibu wa wazee, safari ya kwenda mwezini. Renae aliendelea kukausha sahani ambayo ilikuwa imekauka zamani.

"Asante, Bernadine."

"Basi. Nipe lile bakuli."

Walipotoka, jua bado lilikuwa juu na maegesho yote ya kanisa yamejaa watu waliosimama kando ya magari yao wakiagana. Duane alikuwa ameshawasha pikapu. Renae akapanda, akaiweka kamera mapajani, na kabla mlango haujatulia Orville alikuwa dirishani. Renae akateremsha kioo nusu. Orville akauweka mkono wake juu ya paa.

Wakaongea habari za wingu la Dakota. Wakaongea habari za mchungaji mpya. Duane akauweka mkono kwenye gia, akautoa.

"Basi mimi nasema hivi," Orville akaanza. Akatazama chini kwenye changarawe. "Kiti kipo. Sitampa mtu mwingine. Uje tu, siku yoyote, wala hutaulizwa kitu. Utakuja?"

Renae alisikia "haya" inapanda kooni kwa mazoea, imevaa koti, funguo mkononi. Akaimeza.

"Hapana," akasema.

Orville akangoja.

"Hapana, Orville. Ndiyo ya tatu hiyo. Nimeihesabu."

Hakuna aliyejua kinachofuata. Si Orville, mwenye miaka sabini na moja na mhudumu wa kanisa tangu ujana. Si Duane, ambaye alikuwa ameushika usukani kama gari liko kwenye mwendo. Hapo Vikdal haikuwa na utaratibu. Orville alifungua mdomo ili akaribishe mara ya nne, akaona hakuna ya nne, akaufunga. Mkono wake ulibaki juu ya paa.

"Haya," akasema.

"Sweta utampa Doris. Goti lake husikia baridi."

"Haya."

Mkono haukuondoka. Renae, ambaye alikuwa amekaa maisha yake yote ya kazi upande huu wa dirisha, akatulia.

"Mimi nilikuwa napiga akodiani, kile kinanda cha kifuani," Orville akasema.

Duane akageuka kumtazama.

"Zamani. Kwenye harusi, kwenye maonyesho ya kilimo. Akaja mtu mmoja mwenye bendi, walikuwa wanazunguka mpaka Milwaukee, mpaka wapi sijui. Akanisikia. Akaja nyuma ya jukwaa akaniambia, njoo tuondoke wote, tunaondoka asubuhi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hapana, asante, sitaki kuwasumbua." Orville akaitazama kofia aliyoishika kwa mkono mwingine. "Nikaenda nyumbani nikafunga mizigo. Asubuhi nikakaa ngazini, nangoja aje aniulize tena."

Injini ilinguruma. Kule nyuma mtu alisema "haya basi" na hakuna mlango uliofungwa.

"Alikuwa mtu wa Chicago," Orville akasema. "Wale huuliza mara moja."

Renae hakusema pole. Pole ingemfanya aondoe mkono. Aliinamia mapajani, akaiangalia kamera, akamwangalia Orville: kola iliyobana, tai ya sherehe, na shingo nyekundu ya mzee aliyesimama juani.

"Orville," akasema, "naomba uniruhusu niirekodi hiyo. Unisimulie tena, hivyo hivyo, hapo hapo uliposimama."

"Ah, hapana, hapana," Orville akasema. "Nani atake kuyasikia hayo."

"Mkono uache hapo juu ya paa. Nitaomba tu hilo."

"Hapana, Renae, nyinyi mna safari. Sitaki kuwachelewesha." Lakini alikuwa ameshaivaa kofia, akaivua, akazilaza nywele zake kwa kiganja, akauliza kama tai imekaa sawa.

Duane akaupeleka mkono kwenye ufunguo, akaizima injini.